Mivumo na Ngurumo: Tuulize Sababu Kabla ya Maana

Wako watu waliokwisha kuacha kuyatambikia masamva, wakaitamka shahada kwa ulimi na kuikubali kwa moyo, nao husimama katika sala tano pasipo uzito. Lakini usiku mmoja, nyumba ikiwa kimya, husikia mvumo mzito wasioujua utokako. Hapo imani hutikisika. Kulipokucha, mtu wa namna hii hamwambii mwalimu wake neno. Hutoka kwa kificho, kuku mkononi, akaelekea kwa mganga wa ramli ili aambiwe ni nani aliyeituma sauti ile.

Somo letu la mwezi huu lawahusu ndugu hao, na pia wale ambao bado wanautafuta ukweli. Twataka kuonyesha jambo moja tu: kila sauti ina sababu yake, na maana ya sauti haipatikani ila kwa kuipitia sababu hiyo. Mwenye kuiruka sababu na kuikimbilia maana huangukia katika hatari mbili. Ya kwanza, humdhulumu mtu asiye na hatia. Ya pili, huyapuuza maonyo ya kweli aliyowekewa na Mwenyezi Mungu kwa ajili ya kuyaokoa maisha yake.

Sauti ni kitu gani?

Sauti ni mtikisiko. Ngozi ya ngoma ikipigwa hutikisika, nayo huitikisa hewa iliyo karibu, na hewa hiyo huitikisa iliyo mbele yake, mpaka mtikisiko ufike sikioni. Sikio la mwanadamu mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia yapata 20 hadi 20,000 kwa sekunde moja. Mitikisiko ikiwa mingi, sauti huwa nyembamba, kama filimbi. Ikiwa michache, sauti huwa nzito, kama ngoma kubwa.

Sauti nzito ina tabia mbili zipasazo kukumbukwa. Kwanza, husafiri mbali, kwa kuwa hewa huimeza sauti nyembamba upesi kuliko nzito, nayo sauti nzito hupenya kuta. Ndiyo maana harusi ikiwa mbali twaisikia ngoma, lakini nyimbo hatuzisikii. Pili, ni vigumu kwa masikio kutambua itokako. Mtu huizunguka nyumba yake yote akiitafuta, asione kitu. Basi kule kutouona utokako si dalili ya uchawi. Ndiyo tabia ya sauti nzito yenyewe.

Mivumo ya migodini na ya mashine

Katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, mivumo si jambo la nadra. Dhahabu imechimbwa Geita tangu miaka ya 1930. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Pembezoni mwake, katika Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Kakola na kwingineko, wako maelfu ya wachimbaji wadogo wenye maduara yao, baruti zao na mashine zao.

Mwamba ukilipuliwa kwa baruti, mtikisiko hushika njia mbili. Njia moja ni ardhini, na nyingine ni hewani. Hewani sauti hwenda yapata meta 340 kwa sekunde, lakini katika mwamba mgumu hwenda mbio zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo mtu aliye kilometa 3 kutoka mahali pa mlipuko huona kwanza vyombo vikigongana kabatini, kisha, baada ya sekunde nane hivi, ndipo husikia mshindo. Asiyeijua habari hii hudhani ni mambo mawili mbalimbali: kwanza nyumba ilitikiswa na mkono usioonekana, kisha mkono ule ukanguruma. La hasha! Ni mlipuko mmoja uliofika kwa njia mbili.

Tena kuna karasha. Hilo ni pipa la chuma lizungushwalo na mashine, na ndani yake gololi nzito za chuma husaga mawe yawe unga. Mvumo wake ni mzito na haukatiki. Mchana huchanganyika na kelele za sokoni na za pikipiki, hivyo hausikiki mbali. Usiku kelele hizo hunyamaza. Zaidi ya hayo, katika usiku mtulivu hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ile iliyo juu yake, na hali hiyo huipinda sauti iliyokuwa ikipanda, ikairudisha chini mahali pa mbali. Ndiyo maana kijiji kisichosikia kitu adhuhuri huweza kusikia mvumo wa karasha saa nane za usiku. Si kwamba wachawi hupenda usiku. Ni kwamba hewa ya usiku huichukua sauti mbali.

Nguzo ya umeme yenye transfoma nayo huvuma mchana na usiku. Umeme wa nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na chuma kilichomo ndani ya transfoma hutikisika mara 100 kwa sekunde. Hata shimo lililoachwa huweza kulia. Chukua chupa tupu, upulize juu ya mdomo wake, utasikia mvumo. Duara la zamani, upepo ukipita juu ya mdomo wake, laweza kufanya vivyo hivyo. Mtoto asikiaye sauti hiyo asiambiwe kwamba ni mzimu wa mchimbaji aliyekufa. Aambiwe kwamba pana shimo refu, asilikaribie.

Ngurumo za mbingu na za ardhi

Radi ipigapo, hewa katika njia yake hupata joto la yapata nyuzi 30,000 kwa kipimo cha Selsiasi. Hewa hiyo hutanuka kwa ghafula, na kutanuka huko ndiko ngurumo. Radi ya karibu hupasuka kwa ukali. Ya mbali huunguruma, kwa sababu sehemu nyembamba za sauti yake zimekwisha kumezwa na hewa njiani. Nchi zilizozunguka Ziwa Viktoria zimo katika sehemu za dunia zipigwazo na radi kwa wingi. Mnamo Oktoba 2018 wanafunzi 6 wa shule moja ya msingi mkoani Geita waliuawa na radi. Msiba wa namna hiyo ukitokea, wako wasemao kwamba radi ilitumwa na jirani. Wasemao hivyo huwaongezea wafiwa dhuluma juu ya huzuni.

Ngurumo ina maana, nayo ni hii: radi iko karibu. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa tatu. Utapata umbali kwa kilometa. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingia katika nyumba yenye kuta kamili au ndani ya gari lililofungwa. Usisimame chini ya mti, wala usibaki ziwani. Ngojea dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Ardhi nayo hunguruma. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake. Miamba iliyo chini ya ardhi hubanwa kwa miaka mingi, kisha huteleza kwa ghafula. Mwenye kuyajua hayo hatauliza ni nani aliyeyafanya. Atauliza namna ya kujenga nyumba isiyowaangukia watoto wake.

Sauti za viumbe

Kundi la nyuki hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Likiingia ndani ya mbuyu wenye uwazi, mti wote huvuma kama mtu aimbaye akiwa amefumba mdomo. Sura nzima ya Kurani Tukufu imepewa jina la nyuki, na ndani yake twafunzwa kwamba katika kazi ya mdudu huyo mna ishara kwa watu wanaofikiri (An-Nahl, 16:69-70, kwa hesabu ihesabuyo Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Mwenyezi Mungu amewasifu wenye kufikiri, si wenye kukimbia.

Kuna na bundi, ambaye sauti yake nzito juu ya paa husemwa kuwa ni habari ya kifo. Bundi hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Nyumba aliayo bundi kwa kawaida ni nyumba yenye chakula. Mkulima amwuaye bundi huwahifadhi panya waliao mahindi yake.

Mvumo ulio ndani ya sikio

Wengine husikia mvumo asiousikia mtu mwingine yeyote chumbani. Hao huogopa kuliko wote, nao huambiwa na waganga kwamba wanaitwa na mizimu. Ndugu msomaji, zijue sababu zake zilizo za kawaida.

Ya kwanza ni kelele. Ndani ya sikio mna sehemu iliyojipinda mfano wa konokono, na humo mna vinyweleo vidogo sana vipokeavyo sauti. Kelele za desibeli 85 kwa saa nane kila siku zatosha kuviharibu kwa muda, na mashine ya kutobolea mwamba hupita 100. Vikifa havioti tena. Mchimbaji ambaye masikio yake huvuma alalapo ameonywa kwamba anapoteza usikivu wake. Ramli haitamrudishia, kinga ya masikio ingaliweza kumhifadhi. Ya pili ni nta iliyoziba sikio, au ugonjwa wa sikio. Ya tatu ni dawa: kwinini, ambayo wazee wetu waliinywa kwa homa ya malaria, hujulikana sana kwa kuvumisha masikio, na aspirini nyingi hufanya hivyo. Ya nne ni damu: mvumo uendao sambamba na mapigo ya moyo yapasa upelekwe kwa daktari upesi, nao shinikizo la damu lipimwe.

Wako pia waulizao: je, mvumo huo si ufunuo? Imesimuliwa katika Bukhari kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza kuwa wakati mwingine wahyi ulimjia kwa mfano wa mlio wa kengele, na hali hiyo ilikuwa nzito kwake kuliko nyingine. Lakini ilipoondoka, alikuwa amekwisha kuyahifadhi maneno. Wahyi ulileta ujumbe, uongofu na nuru. Mvumo usio na neno, usiomwongoza mtu kwenye wema wowote, haufai kuitwa ufunuo. Mwenye nao na aende hospitali.

Sauti ziokoazo maisha

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa. Wachimbaji stadi huugonga mwamba kwa mtaimbo kabla ya kufanya kazi chini yake. Jiwe lililoshikamana hulia kwa sauti kali na safi. Jiwe lililokwisha kuachana na mwamba hutoa sauti nzito na butu, kama ngoma iliyolegea. Matimba yaliyolemewa nayo hulia kabla ya kuvunjika. Sauti hizo zina maana moja: tokeni! Mtu asemaye, “Ni masamva, tutachinja kuku, kisha tutaendelea na kazi,” ameupokea ujumbe wa kweli kutoka kwa mwamba, akautafsiri kwa uwongo, na tafsiri hiyo yaweza kumwua yeye na wenzake.

Mwezi wa Oktoba 2015, mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai, baada ya sauti zao kusikika na wachimbaji wengine. Walikuwa wameishi kwa maji yaliyotiririka na kwa kula wadudu na vyura. Fikiri, ndugu msomaji! Sauti dhaifu yatoka chini ya ardhi, mahali ambapo watu wamekwisha kuhesabiwa kuwa wamekufa. Lau wasikiaji wangalisema, “Hao ni wafu,” wakakimbia, watu watano wangalikufa kwa kukosa mtu mmoja wa kuuliza sababu.

Madhara ya kuiruka sababu

Tumeona namna maonyo yanavyopuuzwa. Tuitazame sasa hatari ya pili, ambayo ni dhuluma. Mganga wa ramli hawezi kusema, “Ni karasha la Rwamgasa.” Kazi yake yamtaka ataje mtu. Mara nyingi atajwaye ni mama mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa sababu amepika miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na samadi kavu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 serikali ilihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa yao waliuawa Usukumani, wengi wakiwa wanawake. Baadaye, tangu mwaka 2007 hivi, kanda ya Ziwa ikashuhudia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ya uwongo kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Mnamo Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wapigao ramli.

Usiseme, “Mimi nilipeleka kuku tu, sikumwua mtu.” Mlango ni ule ule mmoja. Aingiaye kuuliza mvumo umetoka kwa nani hutoka na jina la mtu mdomoni. Kurani Tukufu yatuamuru tusifuate tusiyo na ujuzi nayo, kwani masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa (Bani Israil, 17:37). Yatuamuru pia tuzichunguze habari za mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta (Al-Hujurat, 49:7). Na katika Muslim imepokewa kwamba amwendeaye mpiga ramli kumwuliza jambo, sala zake za siku arobaini hazikubaliwi.

Mfano wa Mtume Mtukufu s.a.w.

Imesimuliwa katika Bukhari na Muslim kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Wakatoka kuelekea iliko, na njiani wakakutana na Mtume s.a.w. akirudi. Alikuwa amekwisha kuwatangulia peke yake, amepanda farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga ukining'inia shingoni, naye akawatuliza akiwaambia wasiogope. Mafundisho yaliyomo ni mengi. Hakujifungia. Hakutafuta hirizi wala hakumtaja mtu. Aliiendea sauti, akaitazama, akarudi na habari ya kweli iliyowatuliza watu.

Nanyi, enyi ndugu wa Usukumani, mnayo desturi njema inayofanana na hiyo. Yowe likipigwa usiku, hakuna mwanamume alalaye; wote hutoka kuelekea liliko. Iweje basi mtu aendeaye yowe lenye wezi na mishale aukimbie mvumo wa transfoma?

Je, sababu yaiondoa maana?

Huenda mwenye kuutafuta ukweli akauliza: “Ikiwa ngurumo ni hewa iliyotanuka, mbona Kurani Tukufu yasema kwamba ngurumo humtukuza Mungu?” Ndiyo, imetajwa hivyo katika sura iitwayo kwa jina lake (Ar-Raad, 13:14). Wala hapana mgongano. Kitu humtukuza Muumba wake kwa kuifuata kanuni aliyokiwekea. Kadiri tunavyoijua kanuni, ndivyo tunavyousikia utukufu huo vizuri zaidi.

Mtume s.a.w. alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Kiongozi mwenye kutafuta sifa angalinyamaza. Yeye aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote, na kwamba waonapo hivyo wasali. Aliikataa maana ya uwongo, na maana ya kweli akaibakiza.

Basi usikiapo mvumo usioujua, fanya haya. Mkumbuke Mwenyezi Mungu, moyo utulie. Mwulize aliye karibu nawe kama naye ausikia. Kama hausikii, nenda kwa daktari. Kama ausikia, utazameni wakati wake, upepo wake na upande wake, kisha kulipokucha ufuateni mkiwa wawili au watatu, mkijihadhari na mashimo. Mkiwa chini ya mwamba, tokeni kwanza, muulize baadaye. Wala jina la mtu lisitajwe kabisa.

Mwenyezi Mungu atujalie masikio yasikiayo, akili zichunguzazo na ndimi zisizomdhulumu mtu. Amin.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mlipuko mmoja wa mgodini huweza kudhaniwa kuwa ni mambo mawili?
2. Taja sababu nne za mvumo wa ndani ya sikio.
3. Sauti butu ya mwamba uliogongwa yamwonya nini mchimbaji?
4. Mtume Mtukufu s.a.w. alifanya nini Madina iliposhtushwa na sauti usiku, nawe wapaswa kumwiga namna gani?